Mkwe Wangu Kuruti

Kila mwaka, mahindi yakishaingia ndani na harusi zikipungua, mtendaji wa kata hubandika karatasi kwenye mlango wa ofisi yake: mafunzo ya mgambo yanaanza, wenye umri na afya waje kujiandikisha. Kwa miaka mingi niliipita karatasi hiyo bila hata kupunguza mwendo. Nilikuwa na nyanya zangu. Mtu mwenye ekari ya nyanya hapa Mlali hana haja ya kukimbizwa na askari alfajiri, nyanya zenyewe zinamkimbiza vya kutosha.

Kisha akaja kantangaze. Ni kidudu cha kipuuzi, kipepeo kidogo cha kijivu ambacho hata kuku hahangaiki nacho, lakini kikishataga kwenye majani ya nyanya, baada ya wiki mbili shamba linakuwa kama limemwagiwa maji ya moto. Mwaka wa kwanza nilinyunyiza dawa. Mwaka wa pili nilinyunyiza dawa na dua. Mwaka wa tatu nikapanda gari kwenda mjini kuulizia kazi ya ulinzi kwenye chuo kimoja. Ofisa wa pale, kijana mpole, akaniambia nafasi ipo na ataniwekea mpaka mwisho wa mwaka, ila nije na cheti cha mgambo. Bila cheti tusisumbuane. Mke wangu alikuwa na mimba ya mtoto wa tatu. Nikarudi, nikaenda moja kwa moja ofisi ya kata, nikaandika jina langu.

Sikusoma majina yaliyonitangulia, na hilo lilikuwa kosa langu mwenyewe.

Siku ya kwanza tulikusanyika kwenye uwanja wa mpira wa shule ya msingi, alfajiri, mlima bado mweusi juu yetu na ukungu umeshuka mpaka kwenye magoli. Tulikuwa watu arobaini na kitu, wengine na raba, wengine na ndala, mmoja na viatu vya harusi. Afande aliyeletwa kutufundisha alikuwa mtu wa kanda ya ziwa, mfupi, mwembamba, mwenye sauti ambayo sijui alikuwa anaihifadhi wapi. Akatupanga kwa kimo, warefu kulia, wafupi kushoto. Nikasimama pangu. Mtu mmoja akaja kusimama kushoto kwangu, akakohoa.

Kikohozi kile nilikijua. Nilikuwa nakisikia nyuma ya ua wa nyumba yetu kwa miaka tisa. Miguu yangu haikuniuliza. Nilitoka kwenye mstari, nikasogea kwenye majani hatua tatu, nikachuchumaa, nikainamisha kichwa.

"Wewe!" afande akapiga kelele. "Choo kiko hapo?"

"Hapana, afande. Nampisha mkwe."

Kwa asiyetujua ni lazima nieleze. Mimi nimezaliwa Gairo. Nilikuja Mlali na magunia ya karanga, karanga zikauzwa, mimi nikabaki, kwa sababu ya msichana aliyekuwa anapima karanga hizo kwa kopo na kunipunja huku akicheka. Nikamwoa, nikahamia kwao kama ilivyo desturi ya huku. Na desturi ya huku, kama ilivyo kwetu, mama mkwe hazoeleki. Ukimwona njiani unapisha, unachuchumaa mpaka apite. Humtazami usoni. Huli mbele yake. Humgusi hata kwa bahati mbaya, na neno lako kwake linapitia kwa mtu mwingine, akiwepo mke, akikosekana mtoto. Vijana wa mjini wameyaacha haya na wanapiga picha na wakwe zao wakiwa wamekumbatiana. Mimi sikuyaacha. Nilikuwa mgeni kwenye ardhi ya watu, na mgeni asipokuwa na adabu atakuwa na nini?

Kwa hiyo miaka tisa tulikaa nyumba zinazotazamana, nami nilimjua mkwe wangu kwa kikohozi, kwa kanga, na kwa visigino.

Afande alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole, jambo ambalo baadaye tulijifunza kuliogopa, "Humu uwanjani hakuna mkwe. Hakuna shemeji, hakuna mjomba. Kuna kuruti. Ruka kichura mpaka golini, urudi ukiwa huna mkwe."

Nikaruka kichura mpaka golini. Nikarudi bado ninaye.

Jioni ile mke wangu alicheka mpaka nikaogopa atazaa kabla ya wakati. Yeye alijua siku nyingi kwamba mama yake amejiandikisha, ila aliona kuniambia kungeharibu raha. Akanieleza chanzo. Mkwe wangu ana shamba la migomba juu kule, nusu saa ya kupanda. Mwaka mzima wezi walikuwa wanakata mikungu yake. Alipokwenda kulalamika kwa vijana wa ulinzi, wakamwambia, "Mama, wewe nenda kapumzike, hizi kazi za wanaume." Aliporudi hakupumzika. Alienda ofisi ya kata, akataja umri wake akiupunguza miaka mitatu, akaandikwa wa kwanza.

Hata hivyo sikuona pa kucheka. Nikaenda kwa mjomba wa mke wangu, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho kwenye ukoo, kumwomba ushauri. Alikuwa anamenya muwa. Akamenya wote, akaukata vipande, akanipa kimoja.

"Kusimama naye mstari mmoja si kosa," akasema. "Hata zahanati watu wanapanga foleni. Lakini usimtazame usoni, na usimguse. Ukimgusa umevunja, baba, na mimi gundi ya kitu hicho sina."

Huku mambo yakivunjika anayefunga virago ni mwanamume. Nilijua vizuri maana ya kauli ile. Nikaondoka na kipande changu cha muwa, nikapiga hesabu: miezi mitatu na ushei, kila siku asubuhi, mstari mmoja, bila kugusa. Nikitoroka, cheti hakuna na kazi hakuna. Nikikosea, nyumba hakuna.

Aliyeniokoa ni kinyozi. Kuna kinyozi mmoja hapa sokoni, naye kuruti mwenzetu, mtu wa utani usioisha, kimo chake kati ya changu na cha mkwe wangu, au tuseme alijikunja kidogo ili kiwe hivyo. Kesho yake alijisogeza akasimama katikati yetu na hapo akabaki. Nilikuwa namwita ukuta wangu. Kila asubuhi nilimwambia kwa sauti ya chini, "Mpe shikamoo yangu," naye akigeuka kushoto anasema, "Mama, shikamoo, inatoka upande wa pili." Nasikia, "Marahaba, mwambie." Kisha tunaanza mchakamchaka.

Nikiri kwamba mafunzo yale niliyapenda. Sikutegemea. Wiki ya kwanza mwili wote uliuma mpaka masikio, lakini baada ya hapo kulikuwa na raha fulani ya kukimbia kundi zima barabarani huku tukiimba, akina mama wakitoka milangoni na mafagio kututazama. Tulijifunza kwata kwa bunduki za mbao ambazo fundi seremala alizichonga kila moja na sura yake. Yangu ilikuwa na kitako kinene kama mchi. Aliyevaa viatu vya harusi siku ya kwanza aligundulika kuwa hawezi kutembea kijeshi: mkono wa kulia ulitoka na mguu wa kulia, wa kushoto na wa kushoto, na kila alivyokazana ndivyo alivyozidi. Afande alimpenda sana mtu yule. Alimtazama asubuhi kwa asubuhi kama mtu anayesubiri muujiza.

Mkwe wangu yeye alikuwa askari wa kuzaliwa. Siwezi kusema nilimtazama, maana sikumtazama, lakini niliona mabuti yake yakipiga chini sawasawa, na nilisikia sauti. Wiki ya tatu afande akamfanya kamanda wa seksheni yetu. Basi pakawa na kazi. Kamanda lazima aamuru, na kuniamuru mimi moja kwa moja hakuweza. Akawa anamwambia kinyozi, "Mwambie huyo wa pili wako anyooshe kiwiko." Kinyozi ananigeukia: "Unyooshe kiwiko." Mimi nanyoosha. "Mwambie asante." Mambo yakaenda hivyo mpaka siku afande alipofika nyuma yetu kimyakimya.

"Amri haipiti kwa mtu wa tatu!" akafoka. "Adui akija mtamsubirisha kinyozi amalize?"

Seksheni nzima ilichimbishwa mashimo ya taka ya shule. Hata hivyo hakuna aliyenilaumu. Wazee wa pale walioleta watoto wao kwenye mafunzo walisema afande anajua vita lakini hajui wakwe.

Nyumbani ndiko hakukukalika. Kila jioni mke wangu aliketi kwenye mkeka, mguu ameunyoosha kwa sababu ya mimba, ananipa taarifa zilizotoka nyumba ya pili. "Mama anasema mguu wako wa kushoto mvivu." Siku nyingine: "Mama anasema ukiimba mchakamchaka unafungua mdomo tu." Kweli nilikuwa nafungua mdomo tu. Nikamwambia mke wangu amwambie mama yake kwamba kwenye shabaha mimi ni wa pili platuni nzima. Jibu lilirudi kabla ya chakula: wa kwanza ni yeye.

Wiki ya mwisho tulipandishwa mlimani, matembezi marefu na mizigo mgongoni. Kwa wenyeji haikuwa shida, wao njia zile wamezipanda tangu wakiwa tumboni. Lakini wakati wa kushuka kinyozi aligeuka nyuma kunisimulia jambo fulani la kuchekesha, akakanyaga jiwe lenye utelezi, akaanguka. Kifundo cha mguu kikavimba kama embe. Tulimshusha kwa machela ya miti, akisimulia jambo lake mpaka likaisha.

Kesho yake ilikuwa mtihani wa kubeba majeruhi.

Mtihani wenyewe ni rahisi kueleza. Mnakuwa wawiliwawili. Mmoja ndiye majeruhi, mwenzake anambeba mgongoni kutoka goli hili hadi goli lile kabla filimbi haijalia. Asiyebeba na asiyebebwa wote wawili hawahitimu. Wanawake walikuwa watano. Wanne wakachukuana, mkwe wangu akabaki. Wanaume wakachukuana, mimi ambaye mwenzangu alikuwa kinyozi nikabaki. Kinyozi mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi la wagonjwa, mguu umefungwa kitambaa.

Afande akatazama karatasi. Akatutazama.

"Nyie wawili," akasema.

"Afande," nikamwambia, "nipe mtu mwingine yeyote. Nipe mtu mzito. Nibebeshe wawili."

"Wote wameshabeba, wamechoka. Utaratibu ni mmoja." Kisha akashusha sauti, na nadhani ilimgharimu. "Na mimi nina mkwe, kuruti. Najua. Lakini siwezi kuandika umebeba wakati hujabeba."

Siku ile watu walikuwa wengi, maana mtihani wa kubebana ndio unaopendwa kuliko yote. Watoto wa shule walikuwa wamejipanga ukutani. Mjomba wa mke wangu alikuwa amesimama karibu na bendera ya kona, mikono nyuma. Niliwaza kijana mpole wa chuoni na nafasi aliyoniwekea. Niliwaza mke wangu. Niliwaza nyumba yangu, matofali niliyoyafyatua mwenyewe, kwenye ardhi ambayo si ya ukoo wangu. Sikuchukua muda. Nikaweka bunduki yangu ya mbao chini, nikampigia afande saluti, nikaanza kutembea kuondoka uwanjani. Kazi nyingine ingepatikana, hata ya kubeba mizigo stendi. Nilijiambia hivyo, na hasira zilinijaa mpaka shingoni, kwa afande, kwa kinyozi, na kwa lile jiwe.

"Kuruti! Simama!"

Ilikuwa sauti ya kamanda wangu wa seksheni. Haikupitia kwa mtu. Nikasimama. Nikasikia mabuti yakija kwa mwendo uleule wa sawasawa, na miguu yangu, kwa mazoea, ikasogea pembeni na kuchuchumaa, uso kwenye majani, mgongo kwake. Akafika akasimama nyuma yangu.

"Nikifa mimi," akasema kwa sauti ya uwanja mzima, "kaburi langu atachimba nani?"

Sikujua kama naruhusiwa kujibu. "Mimi, mama," nikayaambia majani.

"Na jeneza langu mbele atashika nani?"

"Mimi, mama."

"Basi siku hiyo utanibeba, upende usipende, na mimi sitajua kama ulinibeba vizuri au ulinirusharusha kama mkungu wa ndizi. Nibebe leo nina akili zangu, nijionee mwenyewe."

Mtu mmoja alicheka, kisha wengi. Mimi sikucheka. Mama yangu mzazi alifariki Gairo nikiwa juu mlimani huku, kwenye kibarua cha kukata ndizi za watu, mahali pasipo na mtandao. Nilipofika walikuwa wameshamzika, udongo bado mbichi, na kaka zangu wamekaa na mikono yenye matope. Sikumbeba mimi. Jambo hilo sikuwahi kulisema kwa mtu yeyote isipokuwa mke wangu, na kama lilivuka ua kwenda nyumba ya pili, sikuuliza.

Nikainua kichwa kidogo, nikatafuta bendera ya kona. Mjomba alikuwa ametupa mgongo. Alikuwa anautazama mlima, kwa makini kabisa, kama mtu aliyeambiwa kuna shamba lake jipya kule.

Mikono miwili ikatua mabegani kwangu. Nikasema bismillahi, nikasimama naye.

Alikuwa mwepesi. Hilo lilinishangaza. Sauti ile yote ilikuwa inatoka kwenye mwili usiozidi madebe mawili ya mahindi. Nikaanza kukimbia, na yeye hapohapo akaanza kazi yake, mdomo karibu na sikio langu: "Mguu wa kushoto. Wa kushoto, huo mvivu. Nyanyua. Usinitetemeshe, mimi si mzigo wa kuni. Haya, pumua. Pumua kwa pua." Watoto walikuwa wanapiga kelele ukutani. Kinyozi alikuwa amesimama kwa mguu mmoja juu ya benchi akitangaza kama mtu wa redioni. Tulipofika nusu ya uwanja nikasikia kicheko mgongoni kwangu, kidogo, cha puani, na nikatambua kwamba mkwe wangu anafurahia.

Nikavuka mstari wa goli. Filimbi haikuwa imelia.

"Mmefaulu!" afande akapaza sauti. "Wote wawili mmefaulu! Simama!"

Sikusimama. Nikapita goli, nikapita matangi ya maji, nikaelekea kwenye ua wa minyaa. Watu walidhani ni mbwembwe, wakazidi kushangilia. Ukweli ni kwamba nilikuwa nalia, machozi ya mtu mzima, yenye kamasi, na mikono yangu yote miwili ilikuwa na kazi. Halafu kulikuwa na jambo jingine. Kumbeba nilikuwa nimeshambeba, lakini nikimtua nitalazimika kugeuka, na sikujua mtu akishageuka anafanya nini.

"Kuruti, umeshafika!" Afande alikuwa anakimbia nyuma yetu na karatasi yake.

Mkwe wangu akanigonga begani mara mbili kwa vidole.

"Tumefika, mwanangu," akasema, kwa sauti ya nyumbani. "Nitue."

Nikachuchumaa, akashuka. Nikasikia akikung'uta suruali na kurekebisha kofia. Nikajifuta uso kwa mkono wa kombati, nikasimama, nikageuka, nikamtazama.

Alikuwa na mwanya, uleule wa mke wangu, na kovu dogo juu ya nyusi. Macho yake yalikuwa yananichunguza bila haraka, kutoka kipaji cha uso kushuka chini, yakafika katikati ya uso yakakaa hapo.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba," akasema. "Kumbe ile pua ya wajukuu zangu ni yako."